Franz Marc, Luteni Aliyechora Farasi wa Buluu

Ni nadra maonyesho ya sanaa kufanywa kwa ajili ya picha isiyokuwepo. Lakini ndivyo ilivyokuwa nchini Ujerumani mwaka 2017, katika miji ya Berlin na Munich, ambako wasanii wa zama zetu walionyesha kazi zao juu ya picha moja ya mwaka 1913, Mnara wa Farasi wa Buluu. Aliyeichora alikuwa ofisa wa jeshi, nasi tulio katika kazi hiyo twaona yafaa tumweleze.

Franz Marc alizaliwa Munich tarehe 8 Februari, 1880, mtoto wa mchoraji. Mwaka 1911 yeye na Mrusi Wassily Kandinsky waliunda kundi la Mpanda Farasi wa Buluu, na mwezi wa Desemba wakafungua maonyesho ya kwanza mjini humo. Marc alichora zaidi wanyama, akiwaona kuwa ni safi kuliko binadamu. Rangi kwake hazikuwa za kuiga maumbile: buluu ilisimama badala ya mwanamume na mambo ya roho, manjano badala ya mwanamke na furaha.

Vita Kuu ilipozuka Agosti 1914 alikwenda vitani. Kabla ya miezi miwili kwisha, rafiki yake, mchoraji August Macke, aliuawa. Marc alipanda cheo hata akawa luteni. Mapema mwaka 1916 alipewa kazi ya kupaka rangi maturubai ya kufunikia mizinga, ili marubani wa adui wasiitambue kutoka juu. Aliyapaka tisa, kwa mitindo ya kuanzia Manet hadi Kandinsky. Sanaa ile iliyochekwa mjini, sasa ikawa inalinda askari! Mwenye kudhani uchoraji ni mchezo wa wavivu na alitazame turubai hilo.

Tarehe 4 Machi, 1916, akiwa katika upelelezi karibu na Verdun, kigae cha kombora kilimpiga kichwani, akafa akiwa na umri wa miaka 36. Jina lake lilikwisha tiwa katika orodha ya wasanii wa kuondolewa mstari wa mbele, lakini amri haikuwahi kumfikia.

Mwaka 1937 serikali ya Hitler iliitoa picha ya farasi katika jumba la taifa la Berlin, ikaitundika Munich pamoja na mamia ya kazi nyingine ili umma uzidhihaki. Chama cha maofisa kikalalamika kwamba haifai kumtukana mtu aliyefia Verdun, na picha ikaondolewa. Twawapongeza maofisa hao, ila si kwa ukamilifu, maana walimtetea askari, hawakuitetea sanaa. Kazi za Ernst Ludwig Kirchner, ambaye naye alivaa gwanda katika vita hivyo akatoka ameharibika afya, zilibaki zikichekwa. Mwaka uliofuata alijiua.

Picha ya farasi ilitwaliwa na Hermann Göring. Ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.3, si kitu cha kupotelea mfukoni. Tangu mwaka 1945 haijapatikana.