Rachel Carson na Dawa za Wadudu

Huko Mapera, wilayani Mbinga, wakulima wa kahawa hupulizia mibuni dawa ili isiharibiwe na wadudu. Je, umewahi kujiuliza dawa hiyo huenda wapi mvua inyeshapo?

Rachel Carson alijiuliza swali kama hilo. Alizaliwa Marekani mwaka 1907, akasomea elimu ya viumbe. Mwaka 1962 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba dawa kama DDT hubaki udongoni na majini, huingia katika samaki, kisha katika ndege walao samaki. Wenye viwanda walimpinga vikali, naye alikuwa akiugua saratani, lakini hakunyamaza. Alifariki mwaka 1964. Mwaka 1972 Marekani ilikataza kutumia DDT mashambani.

Baadaye wataalamu waligundua kwamba baadhi ya dawa hizo huvuruga homoni, yaani kemikali za mwili ziongozazo ukuaji. Zikimwingia mama mjamzito, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto wakati ubongo wake unajengwa. Huweza kudhuru uwezo wake wa kujifunza, na hata tabia yake.

Basi, usichotee maji kwa kopo la dawa. Waeleze na wazazi wako kwamba mama mjamzito hafai kupulizia dawa.