Benedicto Kiwanuka, jaji aliyechukuliwa kutoka mahakamani

Kama unaishi Kampala, bila shaka umepita Ben Kiwanuka Street ukielekea paki ya zamani ya teksi. Huenda hujawahi kujiuliza mwenye jina hilo alikuwa nani. Lakini kama umewahi kusikia watu sokoni wakisema wageni wote warudi kwao, na wengine wote wakaitikia, maisha yake yanakuhusu. Je, wengi wakishakubaliana, basi hiyo ni sheria?

Kiwanuka alizaliwa Buddu, upande wa Masaka, mwaka 1922. Alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafanya kazi mahakamani, akasoma Basutoland (leo Lesotho) na baadaye London. Alirudi mwaka 1956 akiwa mwanasheria, na mwaka 1958 akawa kiongozi wa chama cha Democratic Party, DP.

Siasa ilimwonyesha mapema kwamba hao "wengi" hubadilika kulingana na anayehesabu. Katika uchaguzi wa Machi 1961, serikali ya Kabaka kule Mengo iliwataka watu wa Buganda wasusie. Wachache waliojitokeza waliipa DP karibu viti vyote vya Buganda. Nchi nzima, UPC ya Milton Obote ilipata kura nyingi zaidi, lakini DP ilipata viti vingi zaidi, na Kiwanuka akaongoza serikali. Machi 1962 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kwa wiki chache tu. Aprili, UPC ikishirikiana na Kabaka Yekka ilishinda, na safari hiyo wabunge wa Buganda waliteuliwa na Lukiiko. Akaondoka madarakani.

Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimfunga. Idi Amin alipochukua nchi Januari 1971, umati ukajaa barabarani kushangilia. Kiwanuka akaachiliwa, na mwaka huohuo Amin akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kazi hiyo. Wapo wanaomlaumu kwa kuikubali. Mimi namhukumu kwa namna alivyoifanya.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Hakukuwa na bunge la kuulizwa, lakini usidhani amri ile ilikosa wafuasi: watu wengi Kampala waliifurahia. Wengine wakaingia katika maduka na nyumba zilizoachwa. Wapo Waasia waliokuwa raia wa Uganda, nao wakaondoka vilevile.

Katika hali hiyo, mfanyabiashara mmoja Mwingereza alikamatwa na askari, na kesi yake ikafika mbele ya Kiwanuka. Mwezi ule, nani mtaani angemtetea Mwingereza? Lakini mahakama haikuuliza watu wanampenda au hawampendi. Iliuliza nani amemkamata, na kwa sheria ipi. Ikaona kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka hayo, ikaamuru aachiliwe.

Septemba 17 Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivamia kutoka kusini, na hofu ikazidi mjini. Tarehe 21, watu wa Amin walimchukua Jaji Mkuu kutoka Mahakama Kuu, saa za kazi, watu wakiona. Alikuwa na miaka 50. Aliuawa, na familia yake haikupewa mwili wa kuzika.

Uganda iliandika katiba mpya mwaka 1995. Wengi wa walioiandika walichaguliwa kwa kura, kwa hiyo sauti ya wengi ilikuwemo, na hao wengi walikubali kujifunga mikono. Kifungu cha 23 kinataka anayekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kifungu cha 44 kinasema haki ya kuomba mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake haiwezi kuondolewa kamwe. Kifungu cha 23 kinasema "mtu", hakisemi "raia".

Kwa hiyo ndugu yako akichukuliwa na siku mbili zikapita bila kupelekwa mahakamani, uwe Nakivale, Kyangwali au hapa Kampala, tafuta wakili. Anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya aina ileile iliyomtoa yule Mwingereza.