Matia Mulumba Atafuta Neno la Kweli

Baraka ni mji wa watu wa dini nyingi. Alfajiri mwadhini huita, kisha kengele ya misioni hulia, na siku ya Dominika nyimbo za Waprotestanti husikika toka upande mwingine. Mtoto akisikia hayo yote, pengine hujiuliza moyoni ni nani kati yao asemaye kweli. Halafu huona haya, akidhani ya kuwa kuuliza hivyo ni dhambi. Basi asome habari za mtu huyu, maana yeye alikaa na swali hilo miaka mingi.

Jina lake ni Matia Mulumba Kalemba, mmoja wa mashahidi 22 wa Uganda. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Siku arobaini na moja baadaye damu ya mashahidi ilimwagika kwetu pia: huko Baraka waliuawa Padri Carrara na Bruda Faccin, na huko Fizi Padri Didoné na Padri Joubert. Hao ni wa nyumbani. Mulumba aliwatangulia kwa miaka karibu themanini.

Alizaliwa katika nchi ya Busoga, ng'ambo ya mto Nili. Alipokuwa mtoto mdogo, askari wa Buganda walikuja kuteka watu, wakamchukua yeye na mama yake. Akawa mali ya mtu mmoja aitwaye Magatto. Lakini Magatto alikuwa na moyo mwema; hakumfanya mtumwa, alimlea kama mwana wake mwenyewe.

Mzee huyo hakuridhika na dini ya mababu. Aliona ya kuwa Waganda hawajaijua kweli, naye aliitafuta moyoni mwake asiipate. Mara nyingi alizungumza na Mulumba juu ya jambo hilo. Alipokaribia kufa alimwambia kwamba siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Kijana aliyashika maneno hayo. Tangu siku ile, kila aliposikia habari za mgeni aliyefika katika nchi, alimwendea na kumtazama, akiwaza kwamba labda ndiye.

Wa kwanza walikuwa Waarabu. Mulumba aliona ya kuwa mafundisho yao yapita ibada za mizimu, akasilimu. Kabaka Mutesa, mfalme wa nchi, naye alisema anataka kuwa Mwislamu, akaamuru misikiti ijengwe kila mahali. Kisha ghafula akageuza moyo, akaamuru Waislamu wauawe. Wengi walikufa. Mulumba aliificha dini yake, akaendelea kusali kwa siri.

Halafu, mwaka 1877, wakaja Waprotestanti, na mwaka uliofuata akaja Bwana Mackay, fundi hodari wa chuma. Mfalme alisifu kitabu chao. Hapo Mulumba akaanza tena kuwa na shaka. Je, alikosea aliposilimu? Je, hawa ndio wajumbe aliowataja baba yake? Akaenda kwao mara nyingi, akafundishwa, akauacha Uislamu. Lakini hakuomba ubatizo. Moyo wake ulikuwa bado haujatulia.

Mwezi wa Februari 1879 akafika Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Mackay alimwonya Mulumba asiwakaribie mapadri, akimwambia ya kuwa wao huabudu mwanamke, yaani Bikira Maria. Msimkasirikie sana Mackay. Siku zile Wakatoliki na Waprotestanti walisemana vibaya, na sisi hatukuwa nyuma katika kusema. Mulumba akasadiki, akakaa mbali.

Sasa tazameni jinsi Mungu alivyomfikia. Hakutuma malaika, wala hakusema naye katika ndoto. Mulumba alikuwa msimamizi katika nyumba ya chifu wa Ssingo, na chifu huyo alimwagiza asimamie kazi ya kuwajengea mapadri nyumba. Basi alikwenda kwa amri ya bwana wake, si kwa kupenda. Kila siku, huku watu wakifunga matete na kusimamisha nguzo, yeye alikuwa akiwatazama wale mapadri. Aliwatazama walipokuwa wakisali. Aliwatazama walipokuwa wakisema na watu. Akajiuliza, inawezekanaje watu wenye wema namna hii wawe wajumbe wa shetani? Hakukata shauri upesi. Aliwaendea wanafunzi wao, akawauliza moja kwa moja hufundishwa nini. Aliyoyasikia yalikuwa kinyume cha yale aliyoambiwa. Ndipo akaenda mwenyewe kusikiliza katekisimu. Mwaka huo ulikuwa 1880, naye alikuwa mtu mzima mwenye cheo na wake kadhaa.

Aliwaacha wake, akabaki na mmoja tu, Kikuvwa. Tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa, akaitwa Matia. Aliwasimulia mapadri ya kuwa tangu Mungu alipomjalia kufahamu, hakuwa tena na shaka hata kidogo, na moyo wake ulikuwa na furaha.

Lakini haikupita miezi sita tangu abatizwe, mapadri wakaondoka. Nchi ilikuwa na hatari, wakavuka ziwa kwenda kusini mwezi wa Novemba 1882, wasirudi mpaka Julai 1885. Hapakuwa na Misa wala maungamo, wala padri wa kumwuliza neno. Hapo ndipo wengi wangaliona mashaka ya zamani yakirudi. Matia alikaa Mityana pamoja na Luka Baanabakintu na Noe mfinyanzi, wakafundisha wengine. Mapadri waliporudi, palikuwa na Wakristo na wanafunzi karibu mia mbili mahali pale.

Baada ya Mutesa alitawala Mwanga, mwanawe, naye aliwachukia Wakristo. Mei 1886 Matia na Luka walikamatwa, wakahukumiwa kufa huko Namugongo. Walipofika kilima cha Kampala, Matia alisimama. Aliwaambia askari wamwulie pale pale, kwa maana kifo kipo Kampala kama kilivyo Namugongo. Wakakasirika. Wakamkata mikono na miguu, wakambandua nyama ya mgongo, wakaifunga mishipa ili damu isitoke upesi, wakamwacha juani. Luka wakampeleka mbele.

Siku mbili baadaye watu waliokuwa wakikata matete karibu na pale walisikia sauti ikiomba maji. Wakaja, wakamwona, wakaogopa, wakakimbia. Matia alikufa peke yake juu ya kilima tarehe 30 Mei.