Jonathan Swift, Mkuu wa Kanisa Kuu la Dublin

Jonathan Swift alizaliwa katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi, tarehe 30 Novemba 1667. Hakumwona baba yake, maana alikuwa amekwisha kufa miezi michache kabla. Mama yake, Abigail, alikuwa Mwingereza asiye na mali, naye alikuwa na mtoto mwingine wa kike, jina lake Jane.

Mtoto alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, yaya wake alitaka kwenda kumwona jamaa yake mgonjwa huko Whitehaven, Uingereza. Kwa kuwa alimpenda mtoto mno, akamchukua kwa siri, akavuka naye bahari. Mama alipopata habari akaagiza asirudishwe mpaka apate nguvu za kustahimili safari. Yaya huyo akamfundisha kusoma, na Swift mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipotimiza miaka mitatu aliweza kusoma sura yo yote ya Biblia.

Aliporudi, mama yake akaenda kukaa kwa jamaa zake Leicester, na mtoto akawa mikononi mwa baba yake mkubwa, Godwin, mwanasheria. Godwin akampeleka shule ya Kilkenny, kisha Chuo cha Utatu cha Dublin. Lakini Swift aliona kwamba msaada ule ulitolewa kwa mkono mzito, na uchungu wake haukumtoka maisha.

Mwaka 1689, vita vilipotokea Ayalandi, alikimbilia Uingereza akawa karani wa Sir William Temple. Katika nyumba ile palikuwa na mtoto wa kike wa miaka minane, Esther Johnson, naye pia hana baba. Swift akamfundisha kusoma na kuandika, akampa jina la Stella. Mwaka 1695 Swift alipewa ukasisi, na alipopata kanisa dogo la Laracor huko Ayalandi, Stella akahamia huko pamoja na rafiki yake, Rebecca Dingley, wakakaa karibu naye. Watu walinong'ona kwamba wameoana kwa siri, lakini jambo hilo halikuthibitishwa kamwe. Swift hakuacha mtoto.

Kalamu yake ilikuwa kali, na mawaziri wa Malkia Anne waliitumia sana. Naye alitumaini kupewa cheo kikubwa katika kanisa la Uingereza. Malkia hakupendezwa naye, na mwaka 1713 akapata ukuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patriki, Dublin. Swift aliuona ukuu huo kama kuhamishwa.

Hata hivyo ni katika mji huo alipata kazi iliyomfanya apendwe. Mwaka 1722 Mwingereza mmoja, William Wood, alipewa ruhusa ya mfalme kupiga sarafu za shaba kwa Ayalandi. Bunge la Ayalandi halikuulizwa, na ruhusa yenyewe ilipatikana kwa hongo. Watu wakaogopa kwamba dhahabu na fedha zitatoka katika nchi, wabaki na shaba tupu. Basi mwaka 1724 zikaanza kutoka barua zilizopigwa chapa, zikisema kwa maneno mepesi kwamba mtu asizipokee sarafu zile. Mwandishi alijiita mfanya biashara wa nguo, lakini ndiye Swift. Barua ya nne ilipotoka, serikali ikaahidi pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Mpiga chapa akatiwa gerezani. Mji mzima ulijua ni nani, na maskini walikuwamo wengi, wala hapana hata mmoja aliyeenda kuichukua fedha ile. Mwaka 1725 Wood akanyang'anywa ruhusa yake.

Mwaka 1726 Swift alikwenda London na kitabu cha Gulliver, ambacho Waswahili wanakisoma kwa jina la Safari za Gulliver. Aliporudi Dublin kengele zililia na mioto ikawashwa njiani. Huko nyumbani alikuwa ametenga pauni 500 za kuwakopesha mafundi maskini, kidogo kidogo, bila riba.

Jumapili, tarehe 28 Januari 1728, saa mbili ya usiku, alikuwa na wageni alipoletewa barua kwamba Stella amekufa. Wageni walipokwisha kwenda akaketi akaanza kuandika habari za maisha yake. Usiku wa maziko alikuwa mgonjwa, asiweze kwenda. Akahamishiwa chumba kingine ili asione taa za kanisani.

Tangu ujana wake alisumbuliwa na kizunguzungu na uziwi, na mwisho akili zake zikadhoofika, hata mwaka 1742 akawekewa walinzi. Alikufa tarehe 19 Oktoba 1745, akazikwa kanisani karibu na Stella. Wosia wake alikuwa ameuandika akili zikiwa timamu: karibu mali yake yote ijenge nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1757, na mpaka leo ni hospitali.