Luigi Broglio, aliyerusha setelaiti kutoka bahari ya Malindi

MALINDI hutajwa zaidi kwa watalii na wavuvi kuliko kwa roketi. Hata hivyo, Luigi Broglio aliiingiza pwani hiyo katika historia ya anga za juu.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, Italia, Novemba 11, 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa Jeshi la Anga na profesa mjini Roma. Mwaka 1964 alisimamia urushaji wa setelaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, kutoka Marekani.

Italia haikuwa na roketi yake. Ilitumia Scout ya Marekani, iliyobeba mzigo mdogo. Broglio akatafuta msaada wa maumbile. Katika Ikweta, dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki hufaidika na kasi hiyo. Ndipo yakasimamishwa majukwaa ya chuma baharini, mkabala na Ngomeni. San Marco 2 ilirushwa hapo Aprili 26, 1967.

Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kikosi chake kiliirushia Marekani setelaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru, na ilichangia kutambuliwa kwa shimo jeusi la Cygnus X-1.

Setelaiti tisa zilirushwa hapo, ya mwisho ikiwa Machi 1988. Broglio alifariki dunia Januari 14, 2001. Kituo hicho kina jina lake, lakini majukwaa yake hayajarusha setelaiti nyingine.