Night Train Lane: mtoto aliyeokotwa kwenye taka, akaweka rekodi isiyovunjwa

Mwaka 1952 kijana mmoja aliyekuwa ametoka jeshini alifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza ndege mjini Los Angeles, Marekani. Alikuwa akibeba mabati yanayochuruzika oili, na jioni alirudi nyumbani nguo zimelowa mafuta. Basi lake lilipita mbele ya ofisi za Los Angeles Rams, timu ambayo miezi michache tu nyuma ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi ya NFL. Siku moja aliteremka, akaingia ndani bila kuitwa na mtu, akiwa na kitabu alichobandika vipande vya magazeti vilivyoandika habari zake alipokuwa akiichezea timu ya jeshi. Akaomba kazi ya kucheza mpira.

Kijana huyo alikuwa Richard Lane. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameweka rekodi ambayo, zaidi ya miaka 70 baadaye, hakuna aliyeifikia.

Tunajua wengi wenu hamfuatilii futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili, kofia ngumu na mabega yaliyojazwa sponji. Basi tuieleze kidogo, maana bila hivyo maisha ya Lane hayaeleweki. Timu yenye mpira husonga mbele kwa kukimbia nao au kwa kuurusha kwa mkono. Anayeurusha huitwa kotabeki. Anayeukimbilia ni mpokeaji, na mara nyingi hukaa pembeni kabisa ya uwanja. Anayemlinda mpokeaji huyo ni konabeki. Usimfananishe na beki wa pembeni wa soka letu, anayeweza kupanda, kupiga krosi na kurudi. Konabeki huanza mchezo akirudi nyuma kinyumenyume, mbele yake yuko mtu mwenye mbio anayejua anakoelekea, na yeye hajui. Akikosea, uwanja mzima unaona. Akiukamata mpira uliorushiwa mpinzani, yaani akinasa pasi, mpira unakuwa wa timu yake pale pale. Kwa mlinzi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Lane alizaliwa Aprili 1928 huko Austin, jimbo la Texas. Akiwa na umri wa miezi mitatu hivi alitupwa kwenye pipa la taka. Mama mmoja mjane, Ella Lane, alisikia sauti akadhani ni paka analia. Alipofunua magazeti yaliyofunika taka akakuta mtoto. Alimchukua, akampa jina la ukoo wake na kumlea pamoja na watoto wake mwenyewe. Hatuna budi kulitaja jina la mama huyu kila tunapomtaja Lane, kwa sababu hakuwa tajiri, na Texas ya wakati ule haikuwa na huruma kwa mwanamke mweusi mwenye midomo mingi ya kulisha. Richard alisoma katika shule ya watu weusi ya Anderson, kwa kuwa sheria ya jimbo haikuruhusu watoto weusi na weupe wakae darasa moja.

Baadaye alikwenda Nebraska kuishi na mama yake mzazi, yule yule aliyemtupa. Huko alicheza futiboli msimu mmoja katika chuo kidogo cha mji wa Scottsbluff. Kisha akaingia jeshini, akakaa miaka minne. Huo ndio uzoefu wote aliokuwa nao alipoingia ofisi za Rams. Wachezaji wengi waliokuwa wakisajiliwa na NFL walitoka vyuo vikuu vyenye majina, na Lane hakuwahi kuchezea chuo kikuu hata siku moja. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Ni hiyo hiyo Rams, ilipohamia Los Angeles mwaka 1946, iliyofungua mlango tena kwa kuwasajili Kenny Washington na Woody Strode. Kwa hiyo Lane alikuwa anagonga mlango uliofunguliwa miaka sita tu kabla yake.

Kocha Joe Stydahar alikubali kumjaribu. Kwanza aliwekwa kwenye nafasi ya mpokeaji, na hapo akakwama, kwani Rams ilikuwa na Tom Fears na Elroy Hirsch, wawili waliokuwa miongoni mwa wapokeaji bora wa zama zao. Lane alikuwa mgeni wa mbinu nyingi za timu, hivyo jioni alikuwa akienda chumbani kwa Fears kuuliza maswali. Fears alipenda kupiga santuri, na wimbo aliokuwa akiurudia ulikuwa ule wa saksafoni wa Jimmy Forrest, Night Train, yaani treni ya usiku. Mchezaji mwenzao mmoja alimkuta Lane humo akaanza kumwita kwa jina la wimbo. Mwanzoni Lane hakulipenda. Kisha ikaja mechi ya majaribio dhidi ya timu ya Washington, iliyokuwa na nyota Charlie Justice, naye akiitwa kwa mlio wa treni, Choo Choo. Lane alimkaba vilivyo, na gazeti likaandika kwamba treni moja imeitoa nyingine kwenye reli. Tangu siku hiyo jina likawa lake. Sisi wa redio tunakiri kwamba tunaipenda sehemu hii ya kisa: mtu kupewa jina na santuri.

Makocha walimhamishia kwenye ulinzi, na humo ndimo alimokuwa anastahili tangu mwanzo. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1.80, mikono mirefu na mbio. Kwa kuwa alikuwa amejifunza kazi ya mpokeaji, aliweza kukisia mpokeaji anawaza nini. Alikuwa pia mcheza kamari. Alimwachia mpinzani nafasi makusudi ili kotabeki aone njia nyeupe, na mpira ulipoondoka mkononi yeye alikuwa tayari ameshaukimbilia.

Msimu ule wa 1952 alinasa pasi 14. Msimu wenyewe ulikuwa na mechi 12 tu, na timu za wakati ule zilirusha mpira mara chache kuliko za leo. Sasa msimu una mechi 17 na pasi zinamiminika, lakini bado hakuna aliyefika 14. Watatu wamefikisha 13, na wa mwisho wao, Lester Hayes, alifanya hivyo mwaka 1980. Trevon Diggs wa Dallas alipofikisha 11 mwaka 2021 watu walimshangilia kama aliyefanya muujiza. Kwa maoni yetu hii ni moja ya rekodi ngumu zaidi katika michezo yote ya timu, kwa sababu mtu hodari akishajulikana, makotabeki huacha kumrushia upande wake. Lane alipata bahati ya kutojulikana, na akaitumia yote.

Mwaka 1954 alihamia Chicago Cardinals, timu dhaifu, na mwaka huo huo akaongoza ligi tena kwa kunasa pasi 10. Kutojulikana kulikuwa kumekwisha, na bado alizinasa. Mwaka 1960 alikwenda Detroit Lions, akacheza huko hadi 1965. Alipostaafu alikuwa amenasa pasi 68, na ni mtu mmoja tu katika ligi, Emlen Tunnell, aliyekuwa mbele yake.

Hatuwezi kuandika habari zake bila kutaja upande ambao hatuushabikii. Lane alikaba watu shingoni. Alirusha mkono wake kama kamba ya kuanikia nguo, mpinzani akajikuta chali, au alishika wavu wa kofia na kumvuta mtu chini. Mbinu hiyo ya shingo ilipewa jina lake, tai ya Night Train. Kwa miaka mingi sheria ilimruhusu, na mashabiki walipenda. Mwaka 1962 ligi ilipiga marufuku kabisa kushika wavu wa kofia, na kukaba shingoni kwa mtindo wake leo ni kosa. Ilikuwa hatari, na tunaona marufuku hiyo ilichelewa.

Julai 1963 alimwoa mwimbaji Dinah Washington, mwanamke ambaye sauti yake katika What a Diff'rence a Day Makes bado inasikika redioni duniani kote. Walikuwa watu wawili mashuhuri, na walikaa Detroit. Ndoa ilidumu miezi mitano. Alfajiri ya tarehe 14 Desemba mwaka huo Lane alimkuta mkewe amepoteza uhai nyumbani kwao. Alikuwa na umri wa miaka 39, na uchunguzi ulionyesha kwamba kilichomuua ni mchanganyiko wa dawa za usingizi. Lane alirudi uwanjani, lakini majeraha yalianza kumwandama, na misimu miwili baadaye akastaafu.

Mwaka 1974 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa futiboli huko Canton, Ohio. Katikati ya hayo alikuwa amefundisha timu za vyuo viwili vya watu weusi na kuzunguka na mchekeshaji Redd Foxx.

Kazi iliyomkalia kwa muda mrefu kuliko hata mpira aliianza mwaka 1975. Detroit ilikuwa bado na kidonda cha ghasia za mwaka 1967, zilizozuka baada ya polisi kuvamia kilabu cha pombe usiku, na ambazo ziliua watu 43 kabla hazijatulia. Vijana weusi na polisi hawakuaminiana. Meya wa kwanza mweusi wa mji huo, Coleman Young, alikuwa ameingia madarakani mwaka mmoja kabla. Lane akapewa kuongoza mpango wa polisi wa michezo ya watoto, unaowapa timu, viwanja na makocha. Alikaa hapo hadi 1992, miaka 17, wakati uwanjani alicheza misimu 14. Watoto waliofika kuandikishwa wengi hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akinasa pasi.

Alipostaafu alirudi Austin, mji ule ule alikookotwa. Kisukari kilimsumbua na magoti yalikuwa yamechoka. Alifariki huko kwa mshtuko wa moyo tarehe 29 Januari 2002, akiwa na umri wa miaka 73.