Elizabeth Hazen: Dawa ya fangasi iliyotoka kwenye udongo wa shamba

Mama akiona utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga, mara nyingi anaandikiwa matone ya nystatin. Wengi wanaijua dawa, ila aliyeigundua hawamjui.

Elizabeth Lee Hazen alizaliwa mwaka 1885 Mississippi, Marekani, kwa wakulima wa pamba. Wazazi wote walifariki akiwa bado mdogo sana, akalelewa na jamaa zake. Alifundisha sayansi sekondari, kisha akarudi darasani, na mwaka 1927, akiwa ameshapita miaka 40, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, penisilini na wenzake waliokoa watu wengi. Lakini kumbe zilileta tatizo jingine: bakteria wakifa, fangasi wanabaki na nafasi ya kutamba. Dawa salama ya kuwazuia ilikuwa haijapatikana.

Hazen, akiwa maabara ya Idara ya Afya ya jimbo la New York, akaanza kusaka dawa kwenye udongo. Alikuza vijidudu vyake, akaviweka mbele ya fangasi aone nani atashinda. Vilivyoshinda alivituma kwa posta, ndani ya chupa, kwa mkemia Rachel Brown aliyekuwa Albany, kama kilomita 240 kutoka kwake. Brown alichuja kemikali, akairudisha kwa posta ijaribiwe. Mara nyingi majibu yalikatisha tamaa: fangasi anakufa, na panya wa maabara naye anakufa.

Mwaka 1948 udongo kutoka shamba la rafiki zake, familia ya Nourse huko Virginia, ukatoa kilichotafutwa. Dawa ilitangazwa mwaka 1950, ikapewa jina la jimbo la New York: nystatin.

Mauzo yalileta mirabaha ya zaidi ya dola milioni 13. Wanawake hao wawili hawakutia mfukoni hata senti. Zote zilikwenda kwenye utafiti wa sayansi.

Hazen alifariki mwaka 1975, lakini vita vyake bado. Nystatin hutoboa utando wa seli ya fangasi kwa kushika ergosteroli, mafuta yanayouimarisha. Dawa zilizofuata, kama flukonazoli, huziba kimeng'enya kinachotengeneza mafuta hayo, kama ufunguo uliokwama kwenye kufuli. Sasa baadhi ya fangasi wamebadilisha kufuli, na dawa haiingii tena.

Ndiyo maana watafiti wanachora umbo la kimeng'enya hicho, atomu kwa atomu, wapate ufunguo mpya. Kazi si rahisi, kwa sababu binadamu naye ana kimeng'enya kinachofanana nacho. Ni mtihani uleule uliomsumbua Hazen na panya wake: kumuua fangasi bila kumdhuru mgonjwa.